Kanda, CD na Mechi ya Kihagara

Faraja na Kasto, wadogo zangu, ninyi mliochukua funguo za banda la gemu hapa Mbinga, mmenitaka niandike kidogo kuhusu kazi yetu kabla sijaisahau. Mnaniita mstaafu. Mama yangu alicheka aliposikia neno hilo, maana kwetu mtu hustaafu ana mvi, anapewa mabati na baiskeli, na mkuu wake anasimama kumsifu. Mimi nina miaka thelathini na moja, ninaondoka kwenda kufundisha sekondari, na mlichonipa ni chai na chapati baridi. Nashukuru hata hivyo.

Najua pia kwa nini mmenitaka niandike. Mnagombana. Faraja anasema mashine ya kanda, ile ya vibweta vya gemu vya kuchomeka, itupwe, inakula nafasi. Kasto anasema gemu za kanda ndizo gemu hasa, hizi za CD ni sinema tu. Mnataka mkubwa aamue. Mimi siamini mambo yanayoamuliwa kwa sababu mkubwa amesema, na sina imani sana na watu wanaosifu vya zamani. Kila mtu anayesema vya zamani vilikuwa bora, ukimchunguza, utakuta zamani hiyo ndipo magoti yake yalipokuwa hayaumi. Kwa hiyo sitaamua. Nitaeleza nilivyofika, nilichofundishwa, na lililonipata Kihagara, ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu njiani huwa nakohoa ili nijisahaulishe.

Nilirudi Mbinga na shahada. Waliotutangulia chuoni walikuwa wakimaliza wanapangiwa kazi na serikali. Sisi tulimaliza tukakuta mlango huo umefungwa, na mashirika yenyewe yanapunguza watu. Soko huria, tuliambiwa. Nyumbani soko huria lilikuwa limefika kabla yangu: wanunuzi binafsi wa kahawa wakipita na magari hadi vijijini, mitumba imejaa sokoni, redio na televisheni zimepangwa kwenye maduka yaliyokuwa yakiuza majembe na chumvi. Vijana wenye mibuni walikuwa na fedha msimu wa mavuno na hawakuwa na pa kwenda nazo isipokuwa kwenye pombe ya komoni. Mama alikuwa amekwisha kuwatangazia wanajumuiya kwamba mwanawe anarudi kuwa bwana mkubwa. Nilikaa nyumbani mpaka wanajumuiya wakaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi.

Kaka Gaudensi, fundi redio, ndiye aliyeanzisha banda. Siku niliyoingia alikuwa ameinama juu ya mashine iliyofunguliwa tumbo. Aliniuliza najua nini. Nikamwambia nimesomea jamii, yaani watu na maisha yao. Akanisogezea kigoda.

"Basi kaa hapo uwaangalie," akasema. "Ukiona anayetaka kuondoka na pedi ya kuchezea, niite."

Ndiyo barua yangu ya ajira.

Alinifundisha mambo ambayo ninyi mmeyakuta kama desturi bila kujua yametoka wapi. Kanda ikigoma, usiipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Sugua meno yake kwa ufutio wa penseli, kisha pamba yenye spiriti. Kitufe cha pedi kikifa, fungua, kata kipande cha karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kibandike chini ya mpira, kitafufuka. Ile balbu iliyo juu ya televisheni si ya mwanga. Umeme wetu wa jenereta la mji ulikuwa ukipanda na kushuka kama mgonjwa wa homa, na Gaudensi aliiweka balbu ile kama kipimo: ikianza kuwa nyekundu, zima kila kitu kwanza, halafu ndipo usikilize matusi ya wateja.

Sheria ya banda ilikuwa moja: ukifa, pisha. Mteja alilipia roho zake, yaani mara anazoruhusiwa kufa kwenye gemu, na roho zikiisha pedi ilikwenda kwa aliye jirani yake kwenye benchi. Hakuna aliyeshika pedi muda mrefu, kwa hiyo waliokaa walicheza kwa midomo. Ruka. Subiri. Usiende huko, mwenzako alifia huko. Fundi cherehani mmoja wa sokoni, mama wa makamo, alikuwa akiingia na mkasi wake shingoni, anapanga matofali yanayoanguka kutoka juu mpaka yanakuja kwa kasi ya mvua ya mawe, na benchi zima linanyamaza kama kanisani. Akifa anasema, "Haya, nimekwenda," anarudi kwenye suruali za watu.

Kazi niliipenda. Sikutaka kuonekana nikiipenda. Akipita mwalimu wangu wa zamani niliingia nyuma ya pazia na kujifanya natafuta waya. Mama aliwaambia watu niko kwenye mambo ya kompyuta. Kwetu Umatengoni wanaume wa ukoo hula pamoja, na wakati wa kula ndipo mambo ya ukoo yanapojadiliwa, tunaita sengu. Hapo walizungumza ngolo za nani, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, zimebomoka na mvua, mbuni wa nani umepata ugonjwa, na zamu ya kuniuliza ilipofika baba alisema, "Yupo tu mjini," akanyoosha mkono kwenye mboga. Hakuna aliyeendelea. Ninyi hamjui adabu ya namna hiyo inavyochoma.

Mashine ya CD ililetwa kwa shinikizo langu. Nilimwambia Gaudensi kwamba kanda ni vitoto vya rangi nne vinavyorukaruka, na kwamba mtu mzima akiona mpira wenye wachezaji wenye sura, jasho na majina mgongoni, ataacha kusema tunacheza vya watoto. Kuna kujifunza mle ndani, nikasema, kuna mbinu. Gaudensi alisema yeye ana shaka na kitu ambacho kikiharibika hawezi kukisugua. Tulibishana msimu mzima wa kahawa, naye akakubali, nadhani kwa kuchoka.

Banda likabadilika. CD haikuwa na roho, ilikuwa na dakika, kwa hiyo watu walilipia muda. Walicheza wawili wawili, mmoja akimfunga mwenzake, na aliyefungwa aliondoka ameuma meno. Benchi likaacha kusema ruka, likaanza kusema yule hajui. Tulijaza watu kuliko zamani. Fundi cherehani aliacha kuja. Nilisema hayo ndiyo maendeleo, na nilisema kwa sauti, kama mtu asiye na hakika.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Esta, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, mzaliwa wa Kihagara kule ziwani, Mwanglikana, mwenye ulimi usiosubiri zamu. Yeye alijua kazi yangu na hakuionea haya. Aliniambia kinachomchosha si kazi, ni pazia. Tulipokubaliana, baba mdogo Meinrad akaenda kwao kuwa mshenga. Alirudi amekunja uso.

Alituambia kwamba mambo yote yalikwenda vizuri, hata suala la kanisa, maana sisi ni Wakatoliki, mpaka mzee wa nyumba, baba yake Esta, Mzee Danstan, alipouliza kijana anafanya kazi gani. Baba mdogo alijaribu. Alisema ni kazi ya televisheni. Kuuza? Hapana. Kutengeneza? Kidogo. Basi watu wanafanya nini na hiyo televisheni? Wanacheza. Mzee Danstan akasema hata wajukuu wake wanacheza. Kisha akatoa neno lake: mtu wa kahawa wanaona kahawa yake, mvuvi wanaona wavu wake, kwa hiyo na huyu aje na kazi yake waione, ndipo watajibu.

Mnaelewa kilichokuwa mezani. Kama wangeiona kazi na kuikataa, Esta asingeolewa na mimi, maana alikuwa amesema wazi kwamba hatavunja neno la baba yake. Nami nilikuwa na nafasi moja ya kuamua nipeleke mashine gani. Sikufikiri hata kidogo. Nilipeleka ya CD, yenye mpira, ili waone ni jambo la watu wazima. Gaudensi aliniazima jenereta lake dogo na kunikumbusha oili.

Tulishuka mimi na baba mdogo kupitia Kitai, tukapata lori hadi Lituhi, kisha gari jingine lililopita Mbaha likatuacha Kihagara tumekuwa wekundu kwa vumbi. Esta alikuwa ametangulia. Uani palikuwa pamefagiliwa na viti vimepangwa. Dagaa wa usipa walikuwa wameanikwa pembeni. Nilimpigia mzee magoti kidogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kwenye kasha?"

Mzee Danstan alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha injini cha meli ya ziwani. Alizungumza kwa sauti ya kushindana na mashine hata palipokuwa kimya, na jenereta lilipowaka yeye peke yake ndiye aliyeonekana kustarehe. Majirani walijaa. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliziacha. Nilifunga nyaya barazani, nikatoa maelezo marefu. Nilisema habari za teknolojia, za vijana na ajira, za ulimwengu unaokuja. Shangazi yake Esta, aliyekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, alisikiliza mpaka mwisho kisha akawauliza wenzake: mume wa kucheza, mke wa kufundisha, sasa nani atalima? Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na Mzee Danstan akacheka pia. Mpaka hapo ilikuwa siku njema.

"Wanacheza wangapi?" mzee akauliza.

"Wawili, Baba."

"Haya. Kaa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naliandika hivi lilivyo: nilisoma miaka mitatu habari za jamii na desturi zake, na nilipobeba mashine ya watu wawili kuipeleka ukweni sikujiuliza mtu wa pili atakuwa nani. Kwetu na kwao mkwe hukaa kando, hula kando, na hashindani na baba mkwe hata kwa neno. Nami nilikuwa hata sijawa mkwe. Nyaya za pedi mnazijua urefu wake. Nilikaa naye benchi moja, bega kwa bega, huku mama yake Esta akiangalia chini, nikaanza mchezo ambao hauna matokeo mengine ila mmoja amshinde mwingine.

Nikaamua nishindwe. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu. Sote watatu tumewaachia wateja wakubwa wafunge ili warudi kesho. Nilimwonyesha kitufe cha kupiga, nikawasimamisha mabeki wangu kama vigingi, na mpira ulipofika karibu nikabonyeza kile kitufe cha kumtoa golikipa, nikampeleka mbali. Mzee akapiga. Goli. Uwanja wa kwenye televisheni ukanguruma, uwanja wa Kihagara ukanguruma, na mzee akainua mikono juu na kucheka kicheko ambacho Esta aliniambia baadaye hakukisikia tangu babaye aache meli.

Halafu mashine ikarudia goli.

Kwenye kanda, goli likiingia limeingia. CD hulirudia, tena taratibu, kwanza kutoka nyuma, kisha kutoka ubavuni. Watu wa Kihagara wanaujua mpira. Waliona wote, kwa utulivu, golikipa wangu akiacha lango wazi na kukimbia kuelekea kona kama mtu aliyekumbuka chungu kimebaki motoni. Mvuvi mmoja akauliza huyo golikipa ameitwa na nani. Wakaanza kucheka, kisha wakaacha, mmoja mmoja.

Mzee Danstan aliweka pedi mapajani.

"Wewe ndiye uliyemwondoa?"

Ningeweza kusema ni mashine. Angeniamini, au angejifanya kuniamini.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, Baba."

Kwa mara ya kwanza mzee alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa sababu ya jenereta nadhani ni mimi na Esta tu tuliosikia.

"Melini walinitukana wengi," akasema. "Wakinitukana nilijua nimetukanwa. Wewe umenitukana nikiwa nacheka." Akachukua pedi. "Umekuja kunionyesha kazi yako. Haya, fanya kazi."

Nikafanya kazi. Sikuwa na namna nyingine. Kumwachia tena ingekuwa kumtukana mara ya pili. Nilifunga, nikafunga tena. Mzee hakuwahi kujua kitufe cha kukimbia ni kipi, na hakuuliza. Kila goli mashine ililirudia, na kila liliporudiwa alilitazama mpaka mwisho, mgongo umenyooka, kama mtu anayesomewa hukumu. Mama yake Esta alikusanya kitenge chake akaingia jikoni. Shangazi aliacha kutania, na hilo liliniumiza kuliko yote. Nilitamani mafuta yaishe. Gaudensi, kwa wema wake, alikuwa amejaza tangi.

Kipenga kilipolia mzee aliniambia asante, nizime jenereta, linakula mafuta bure. Tulikula samaki wa mbasa na ugali wa muhogo, mimi na baba mdogo kando yetu kama inavyotakiwa. Hakuna aliyegusia mchezo. Walituuliza habari za mvua za Mbinga. Esta alinisindikiza hadi barabarani na hakunitetea wala kunilaumu. Alisema kama ningemfunga baba yake tangu mwanzo angekasirika hadi jioni, basi.

Kitai tulisubiri basi. Hapo baba mdogo alinunua karanga, akanipa nusu, akaniambia amekwenda kuposa kwa watu wengi na hajawahi kumpeleka mposaji anayemfunga baba mkwe mbele ya mama mkwe.

Tangu siku hiyo nimelifikiria swali lenu kuliko mnavyodhani. Ingekuwa ni kanda, tungekaa wote kwenye mkeka na shangazi katikati yetu. Mzee angetumbukia shimo la kwanza kama kila mtu, nami ningekwenda mbele kidogo nikafa, nikampa shangazi pedi. Kwenye kanda unashindwa na mashine, na mashine haina ukwe na mtu. Kwenye CD unashindwa na aliye karibu nawe, kisha unaonyeshwa jinsi ulivyoshindwa. Kwa hiyo Kasto ana haki?

Sina hakika. Nikiwa mkweli, kanda ningeipenda siku ile kwa sababu ingenificha. Nisingelazimika kuchagua, na mzee asingeona kwamba nimemdhania mtoto. Maana ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa nimekwenda kuthibitisha kwamba kazi yangu ni ya watu wazima, na mtu mzima wa kwanza alipoketi kuifanya nilimchezea kama mtoto wa kubembelezwa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini maneno yangu. Mashine mpya haikuniharibia kitu. Ilirudia taratibu nilichofanya, kutoka pembe mbili. Je, kitu kinachokuonyesha ulivyo ni kibaya kuliko kinachokufichia? Mtajibu ninyi. Mimi nimestaafu.

Jibu la Kihagara lilichelewa hadi kahawa ilipoanza kuiva. Baba mdogo alilileta kwenye sengu, wanaume wote wakiwa wamezunguka chakula. Alisema wamekubali. Wamesema kijana hana neno, anasalimia watu, na alipoulizwa alisema kweli. Watu wakaguna kwa furaha. Kisha akasema kuna ombi moja kutoka kwa Mzee Danstan: siku ya sherehe, kazi ya bwana harusi isitajwe.

Niliwatazama wazee wa ukoo. Nilitegemea mmoja atachukia kwa niaba yangu.

"Hilo si gumu," baba akasema, na chakula kikaendelea.

Sherehe ilifanyika hapa Mbinga. Mshereheshaji alikuwa kijana ambaye amekalia benchi letu miaka yote na amefia mikononi mwa kila kanda tuliyo nayo. Alimtambulisha Esta: mwalimu, shule fulani, madarasa fulani. Alitambulisha wasimamizi, mmoja nesi, mwingine bwana shamba. Alipofika kwangu alitaja jina langu, jina la baba, kijiji, kisha akasimama na kipaza sauti mdomoni. Alikuwa ameambiwa asiitaje kazi yangu. Ukumbi ukangoja. Baadhi ya wateja wetu, waliokaa nyuma, waliangalia sahani zao.

Mzee Danstan aliinuka, akamwendea, akachukua kipaza sauti. Hakukihitaji.

"Mkwe wangu ni msomi," akasema.

Ukumbi ukapiga makofi kwa nguvu, kama watu waliotolewa kwenye shida. Esta alinitazama, mikono yake mapajani. Mimi nilipiga makofi pamoja nao.